Ukitaka kuacha uwakili, anza na mafaili

Mawakili wengi wa Kenya wanaohamia benki, mashirika au biashara zao huona kwamba wasipolipia cheti cha uwakili mwaka mpya, basi wameshaacha. Cheti ni jambo dogo. Kinaisha chenyewe tarehe 31 Desemba, na jina hubaki kwenye Orodha ya Mawakili. Kinachokufuata ni rekodi ya mahakama, inayokuonyesha bado ni wakili wa kesi zako. Jipe miezi 6 uisafishe.

Njia nyepesi ya kutoka kwenye kesi ni mteja apate wakili mwingine, naye awasilishe mahakamani notisi ya mabadiliko ya wakili. Kabla ya hukumu hiyo inatosha. Baada ya hukumu lazima mahakama itoe amri, ama kwa ombi ambalo pande zote zimearifiwa, ama kwa makubaliano yaliyowasilishwa kati yako na wakili anayeingia.

Mteja akitoweka, omba mwenyewe kujiondoa chini ya Amri ya 9, kanuni ya 13 ya Kanuni za Mashauri ya Madai za 2010. Mpelekee notisi mkononi au kwa posta, kwenye anwani yake ya mwisho unayoijua. Hapa ndipo watu huteleza: wakishapata amri, wanafunga faili. Amri peke yake haijakutoa. Nakala yake iwafikie wahusika wote, iingizwe kwenye rekodi, kisha uache mahakamani cheti chenye sahihi yako kwamba imewafikia. Bila hayo, wewe bado ni wakili wa kesi hiyo hadi mwisho wake, hata kama sasa unauza bima, na mteja akishindwa bila habari atakuja kwako.

Zito kuliko yote ni ahadi ya maandishi uliyompa wakili mwenzako au benki ili hati miliki iachiliwe. Ahadi hiyo ni yako binafsi. Haifi ofisi ikifungwa, na Mahakama Kuu inaweza kukulazimisha uitimize. Ziorodheshe zote, na kwa kila moja pata barua ya kukufungua.

Akaunti ya fedha za wateja ilinganishwe na kila faili, shilingi kwa shilingi. Salio lisilo na mwenyewe si lako. Ada unazodai, peleka bili yenye sahihi mapema, kwa kuwa kifungu cha 48 cha Sheria ya Mawakili kinakutaka usubiri mwezi mmoja kabla ya kushtaki. Bima yako ya makosa ya kazi nayo kwa kawaida hulipa madai yaliyoletwa ikiwa hai, ilhali mteja ana miaka 6 ya kudai kwa mkataba. Nunua kinga ya madai yatakayoletwa miaka ya baadaye.

Ukishatoka, usikubali kuandaa hati ya kuuza shamba kwa malipo, hata kwa jirani. Mwaka 2015, katika kesi ya National Bank of Kenya dhidi ya Anaj Warehousing, Mahakama ya Juu ilisema hati haibatiliki kwa sababu tu wakili aliyeiandaa hakuwa na cheti cha mwaka huo. Aliyelindwa pale ni mteja. Adhabu ya sheria bado inamlenga aliyeiandaa.