Kidole gumba na skrubu ya baba

Jana dogo kaja na baiskeli, tairi linatoa pumzi ssss, kabandika kidole gumba kwenye tundu ananiangalia kama mimi ndo pampu. Mimi nikawa nishaenda mbali, kwenye ile gari ya mzee ya kabureta, kile kidude cha kuchanganya petroli na hewa, ile ile.

Ukisimama tu inatetemeka kama ina homa, ukikanyaga mafuta inatulia. Nilishabadilisha plagi na waya zake, nikafungua kabureta nikaiosha, wapi. Nikaazima geji ya vakyumu, ya kupima injini inavyonyonya hewa, injini isiyo na ugonjwa ikinguruma bila kukanyagwa mafuta inatakiwa isome kama inchi 17 mpaka 22 za zebaki, yangu sindano imekaa 13, nikahisi kuna mahali inanyonya hewa ya wizi.

Basi nikachukua kipande cha mpira, ncha moja sikioni, nyingine naitembeza juu ya injini pole pole huku nakwepa feni. Mngurumo, mngurumo, halafu ssss nyembamba, kama mtu anakuita gizani hataki wengine wasikie. Kampira kadogo kanakotoka kwenye manifoldi, yale mabomba ya kuingizia hewa na mafuta kwenye injini, kwa juu kazima kabisa, kwa chini kamepasuka ufa kama ukucha. Nikaweka kidole gumba. Kikanyonywa, kweli kabisa, kama mdomo wa mtoto mchanga, na injini ikatulia tuli. Nikatoa, homa ikarudi, spana juu ya fenda ikaanza kutambaa yenyewe. Nikaweka tena. Nilikaa pale robo saa nzima naweka natoa, mafuta yanaungua bure, sijali.

Mpira mpya nilifunga dakika mbili. Ila humo humo nikaona mpira wa valvu ya EGR umezibwa kwa skrubu yenye kutu. Ile valvu inarudisha moshi kidogo wa ekzosi ndani ili joto la mwako lisipande sana, kumbe ndo maana mlimani injini ilikuwa inagonga ko ko ko miaka yote na sisi tunalaumu petroli.

"Baba, nani kaweka skrubu hapa?"

"Skrubu gani?" Akaangalia mawingu. Halafu, "Ilikuwa inatetemeka mwanangu, nikajaribu. Na ilipungua."

Haikupungua. Gari ikiwa imesimama ile valvu huwa imefunga, skrubu isingesaidia kitu. Nilikuwa na jibu lote mdomoni, nikafunga boneti.

Niliitoa kimya kimya, mlimani haikugonga tena. Mzee mpaka leo anasimulia watu alivyoiponya gari kwa skrubu moja, na mimi nikiwepo naitikia, sijui ni heshima au woga tu.

Dogo bado kashikilia tundu lake.