Uji wa lishe: shida si idadi ya nafaka, ni maji

Muuza unga wa lishe sokoni atakuhesabia kwa vidole: mahindi, mtama, uwele, ulezi, ngano, mchele, soya, karanga. Anaona ni sifa. Lakini nafaka sita zikisagwa pamoja bado ni kundi moja la chakula, na mtoto haongezewi chochote cha maana kwa mtama kukutanishwa na mahindi.

Tatizo kubwa ni maji. Tumbo la mtoto hubeba kama mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake, kwa hiyo mwenye kilo 8 hushiba kwa robo lita hivi. Wanga ukiiva hufyonza maji na kuvimba, uji unakuwa mzito, mama anaongeza maji ili unyweke. Mtoto anajaa na kulala, kumbe amekunywa vijiko vichache tu vya unga. Uji wake usimiminike kijikoni kama chai, wala usiwe wa kunyonywa kwenye chupa.

Dawa yake ni kimea cha ulezi. Loweka ulezi usiku kucha, uchuje, uufunike kwa kitambaa kibichi siku mbili tatu hadi uchipue. Anika juani ukauke kabisa, pukuchua vichipukizi, saga. Pika uji mzito karibu na ugali laini, epua, subiri kama dakika kumi, kisha koroga kijiko kimoja cha chai cha kimea kwa kila kikombe. Utalainika mbele ya macho yako bila tone la maji. Ukikitia uji ukiwa bado unachemka, moto unaua vimeng'enya, yaani vile vitu vya kwenye kimea vinavyovunja wanga, na hakuna kitakachotokea. Ukishalainika, urudishe jikoni uchemke tena dakika chache, maana nafaka iliyochipua huwa na vijidudu vingi. Mtama usiuchipushe kwa kazi hii. Vichipukizi vyake vina sumu ya sianidi.

Soya mbichi iliyosagwa tu humsumbua mtoto tumbo na kuzuia protini isisagike vizuri. Ichemshe nusu saa, imenye, ianike, ikaange, ndipo uisage. Karanga ziweke kando, usage za wiki moja: mafuta yake huchacha na kuharibu unga wote. Zenye kuvu, zilizosinyaa au kubadilika rangi tupa, kwani sumukuvu haiondoki kwa kupikwa.

Kinachokosekana hasa ni madini ya chuma. Dagaa waliooshwa mchanga, wakakaushwa na kusagwa, kijiko kimoja cha chakula kwenye bakuli. Au yai, au maini yaliyopondwa. Anza miezi sita kwa vijiko viwili vitatu mara mbili kwa siku, na kuanzia miezi tisa nusu kikombe mara tatu au nne, huku akiendelea kunyonya. Asali isubiri atimize mwaka. Chai ya rangi pamoja na chakula msimpe, hata bibi akisisitiza: inazuia chuma hichohicho mlichomtafutia.