Siku moja nyuma ya bakuli za chatini, Forodhani, Unguja

Saa mbili asubuhi niko soko la Darajani: ukwaju, nazi, ndimu zenye ganda jembamba, pilipili mbichi. Wageni humsifu mchoma pweza. Hakuna anayeuliza nani kapika chatini, na bila chatini pweza huyo haliwi mara ya pili.

Saa nne naloweka nusu kilo ya ukwaju kwa lita moja na nusu ya maji ya moto. Nusu saa baadaye nakamua, nachuja, nabandika na robo kilo ya sukari guru, chumvi na bizari nyembamba iliyokaangwa. Sufuria iwe ya stili. Ukwaju hula alumini na chatini ikatoka na ladha ya chuma. Naepua ikianza kushika mwiko, maana ikipoa huzidi kuwa nzito.

Chatini ya nazi haitaki kupikwa mapema. Saa tisa ndipo nakuna: nazi mbili, pilipili tano, thomu, kotmiri, ndimu mbili, maji kidogo sana. Kwa joto la Unguja nazi huchacha upesi, kwa hiyo inakaa kwenye barafu na mezani inatoka kibakuli kimoja kimoja. Ukimimina mpya juu ya mabaki, umeharibu yote.

Jua likizama, watu wanajaa bustanini Forodhani. Anakuja mteja wa Dar. "Dada, mbona tamu hivi? Chachandu hamna?" Kwao pweza huchemshwa, hukatwa vipande, huchovywa kwenye chachandu, yaani pilipili kali, na supu yake hunywewa kikombeni. Wetu ni wa makaa. Moshi unataka uchachu wenye utamu kidogo. Namweleza. Naye: "Hapana, basi pweza apakwe ukwaju tangu mwanzo wa kuchoma!" Sukari itaungua kabla pweza hajapata moto, atatoka mweusi na mchungu. Tunavutana, nyuma yake watu wanasubiri, makaa yanapoa. Mwishowe pweza anapakwa anapokaribia kutolewa, anageuzwa mara moja tu, na pembeni namwekea mteja pilipili iliyosagwa na siki. Anakula zote mbili.

Wa Mombasa hawanisumbui, ukwaju wameuzoea kwenye viazi karai. Wao huulizia achari ya embe. Ngisi nampa nazi. Kamba mbichi wa leo ni ndimu na chumvi, basi.

Usiku miguu imekufa ganzi na vidole vinawaka. Navipaka mafuta kwanza, ndipo sabuni, kwa kuwa ukali wa pilipili hauyeyuki kwenye maji. Nazi iliyobaki namwaga. Ukwaju unaingia kwenye chupa kavu.