Nilivyojipatia spana za kutengeneza pampu kutoka kwenye skrepa

Wengi wananiuliza mtaji wa vifaa niliutoa wapi, jamani ni skrepa tu. Hapa Morogoro wakulima wa mboga kando ya mto Ngerengere wanatumia pampu za petroli, injini nyingi ni Honda GX160 au za Kichina zilizoigwa humo humo, kwahiyo kabla sijanunua chochote nilijiuliza hii injini inataka spana gani. Haitaki nyingi. Namba 10 na 12 (za milimita) zinafungua karibu kila kitu, 19 ya nati ya magneti, yaani lile gurudumu zito lenye sumaku na feni, boksi ya plagi, bisibisi, fila geji ya kupimia nafasi ndogo kama ya valvu.

Kwa wauza vyuma chakavu kila kitu kinapimwa kwa kilo, spana nzuri bei sawa na kipande cha nondo! Mimi nasugua kutu kwa kidole natafuta maandishi, nikiona Drop Forged au Chrome Vanadium, alama za chuma kigumu, naweka pembeni, halafu naangalia mdomo kama haujapanuka, ukishapanuka hata iwe ya Mjerumani naiacha. Nyingi ni za inchi na vijana wanazipita, ila si zote za kupita: 3/4 ni milimita 19.05 inakaa vizuri tu kwenye nati ya 19, na boksi ndefu ya 13/16 ndo yenyewe ya plagi. 9/16 usiiguse kwenye boliti ya 14, ile ni 14.29, boliti ikiwa imekaza unaila kichwa. Zenye W ni za Whitworth, vipimo vya zamani vya Kiingereza, namba yake ni unene wa boliti siyo upana wa mdomo, kwa hizi injini hazina kazi.

Kutu naloweka kwenye siki usiku kucha, asubuhi brashi ya waya, nasuuza na maji ya magadi, nakausha juani napaka oili.

Nati ya magneti ndo inawatesa mafundi wengi wasio na mashine ya upepo ya kufungulia nati, wanachomeka bisibisi kwenye mapezi ya feni na yanavunjika. Mimi natoa plagi, naweka pistoni sehemu ambayo valvu zote zimefunga, nasukumia kamba laini ya nailoni ndani ya silinda mpaka ijae, mwisho wa kamba nauacha nje, halafu nafungua nati kwa spana yangu ya 3/4, pistoni inakandamiza kamba inagoma na nati inaachia. Hakuna kilichokwaruzika. Kuichomoa magneti yenyewe natumia puli ya miguu miwili, kifaa cha kuvutia, nayo ya skrepa, nilibadilisha boliti ya kati tu.

Toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza boliti, ndo sijaokota na hiyo nachanga ninunue mpya, boliti za silinda hedi zinataka 24 Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza), na toki renchi ya kuokota huwezi jua ilishaangushwa mara ngapi.