Kamba Moja, Risiti Tatu

Ijumaa jioni nilikuwa nimeinama mtoni nachota maji ya miche, mdogo wangu akapiga simu kutoka Uingereza. Anaishi kwenye mfereji, ndani ya boti ya chuma yenye upana wa mita mbili na kidogo. Kitanda, jiko la kuni na mbwa wamepangwa mstari mmoja kama abiria wa matatu.

"Dada, nimefungiwa geti."

Alipohamia huko nilimwonea wivu. Mimi na kitalu changu kando ya Mto Ngong tumeshafukuzwa mara tatu. Baada ya mafuriko ya 2024, serikali ilipowataka watu wahame mita 30 kutoka ukingoni, yule aliyekuwa akinitoza kodi ya ukingo huohuo aliniambia pale si kwake, wala hajui kodi ninayoizungumzia. Ndiyo maana nilimwambia mdogo wangu: umeshinda, maji hayana landilodi.

Kumbe yanao. Mifereji mingi ya Uingereza na Wales iko chini ya Canal & River Trust, shirika la hisani lililopokea mwaka 2012 kazi ya British Waterways, shirika la serikali la mifereji. Upande mmoja wa mfereji kuna njia ya miguu, nayo kwa kawaida ni yao. Ng'ambo ni mashamba na bustani za watu. Ukifunga boti ng'ambo, mwenye shamba anataka chake kwa ajili ya ukingo, Trust nao wanataka chao kwa ajili ya maji unayoyaelea. Leseni ya boti ni kando.

Mdogo wangu alikuwa amefunga boti kwa mzee mmoja mpole, makubaliano ya mdomo tu. Mzee akauza shamba. Mnunuzi akaja na kufuli jipya na siku 28 za kuondoka, na mdogo wangu alilikuta lile kufuli akiwa na mtungi wa gesi begani.

Alidhani ana haki za mpangaji. Akaelezwa kesi ya Chelsea ya mwaka 2000: Mahakama ya Rufaa ilisema boti ya kuishi, hata ikiwa na kamba, mabomba na nyaya za umeme, ni mali ya kuhamishika, si sehemu ya ardhi. Kwa hiyo ulinzi wa mpangaji wa nyumba haukumhusu aliyeipanga. Yaani kisheria analala ndani ya friji.

Sasa atakuwa wa kuhamahama. Sheria ya mifereji ya 1995 inamruhusu mwenye boti asiye na kituo cha kudumu, mradi awe anasafiri kweli na asikae mahali pamoja zaidi ya siku 14, labda awe na sababu ya maana.

Akaniuliza mimi hufanyaje. Nikamwambia miche yangu yote iko kwenye mikebe. Sijawahi kupanda chochote ardhini pale, hata mnyaa wa uzio. Mkokoteni mmoja, safari nne, kabla jua halijatoka nimeshahama.

Jumatatu akanitumia picha ya kigingi cha chuma alichokuwa akifungia boti ukingoni, kiko juu ya meza yake, bado kina udongo na nyasi. Chini ameandika: "Udongo sijarudisha."