Foronya ya Mjomba na Hariri za Sigara

Kwenye kibanda changu cha ushonaji hapa Kibuye, Kisumu, kuna sanduku la bati ambalo simfungulii mtu mpaka nione mikono yake ni misafi na mikavu. Chini kabisa, ndani ya kipande cha amerikani, kuna foronya moja iliyoungwa kwa vipande 20 vya hariri. Kila kipande kina nembo ya chuo cha Marekani, na kila kimoja kilianza maisha yake kama zawadi ya kampuni ya tumbaku kwa mvuta sigara, zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Foronya hiyo ilikuwa ya Mjomba wangu wa Luanda, kule Vihiga. Alikwenda kusoma Marekani mwaka 1960, mwaka mmoja baada ya ile ndege ya kwanza ya Tom Mboya iliyowabeba wanafunzi 81 mwezi Septemba 1959. Alipanga chumba Ohio kwa mama mmoja mjane. Baridi ilipozidi, mama huyo alimletea mto wa kuegemea kwenye kiti cha kusomea, akamwambia umeshonwa na mama yake mzazi kutokana na hariri za sigara za baba yake. Baba alikuwa mtu wa Murad, hakuvuta nyingine. Mjomba aliporudi nyumbani mwaka 1965 mto ulikuwa ndani ya sanduku lake, katikati ya vitabu.

Utoto wangu wote nimeuona kwenye kiti chake pale sebuleni, na sisi watoto tulijua kwamba kiti hicho hakikaliwi. Nina jina la mama yake, kwa hiyo hakuwahi kuniita kwa jina, aliniita Mama. Mwaka 2016, macho yakiwa yamemwishia, alinituma chumbani niulete mto akauweka mapajani mwangu. "Mama, wewe ndiye mwenye sindano. Kaa nao." Nilipiga goti nikaupokea kwa mikono miwili.

Siku hiyo hiyo niligeuza foronya ndani nje. Fundi husoma kazi ya mwenzake kwa upande wa nyuma, na upande wa nyuma wa foronya hii unasema mengi. Hariri zimeunganishwa kwa mshono wa mkono unaopishana kama mifupa ya ngege, kwa uzi wa manjano. Mshono huo sisi tunaoshonea mkono wa kulia huuanza kushoto tukielekea kulia. Hapa mafundo yote ya kuanzia yako kulia. Mama yule alikuwa wa shoto. Tena safu 3 za mwisho uzi wake umepauka, ni manjano nyingine kabisa: uzi wa kwanza ulimwishia kazi haijaisha, akatafuta unaokaribiana. Nimeshafanya hivyo mara ngapi na gauni za maharusi! Nilikaa na ile safu mpaka jirani yangu wa vitenge akafunga duka.

Tangu hapo nimekuwa nikitafuta kujua hariri hizi zilitoka wapi, na nimekusanya nyingine 34, pamoja na ngozi 6 zenye nembo na kadi chache za sigara.

Habari yenyewe inaanzia kwenye karatasi ngumu. Pakiti za sigara za Marekani miaka ya 1880 zilikuwa laini, zikawekwa kadi ndani ili sigara zisivunjike, na mara kampuni zikagundua kwamba kadi yenye picha humfanya mtu anunue pakiti nyingine atafute picha nyingine. Mashine ya James Bonsack, iliyopata hataza mwaka 1881, ilikuwa imeanza kumwaga sigara kwa wingi usiowahi kuonekana, na James Buchanan Duke akaitumia kujenga American Tobacco Company, iliyoanzishwa mwaka 1890 na kumeza washindani wake karibu wote. Mwaka 1911 Mahakama ya Juu ya Marekani iliivunja kampuni hiyo vipande vipande. Zawadi hazikukoma hapo.

Vyuo viliingia kwa sababu ya Murad na wenzake. Hizi zilikuwa sigara za tumbaku ya Kituruki, ghali kidogo, zilizouzwa kwa vijana waliotaka kuonekana wasomi. Kati ya 1909 na 1911 Murad ilitoa kadi 150 za vyuo, mafungu 6 ya kadi 25, kila kadi na mchezaji wa chuo fulani pamoja na nembo yake. Mpira wa kikapu ulikuwa bado mchanga sana, kwa hiyo kadi zake ni chache mno. Williams na Northwestern ni miongoni mwake, na wakusanyaji huzigombania. Zilikuwepo pia kubwa zaidi, ambazo hazikutoshea ndani ya pakiti: ulikusanya kuponi ukazituma, ukarudishiwa picha. Kisha zikaja ngozi nyembamba zilizochomwa nembo, vibendera vya felti, na hariri.

Kwa nini hariri? Swali hili linanihusu mimi moja kwa moja. Mwaka 1910 mwanamke wa Marekani aliyevuta sigara hadharani alionekana hana adabu. Kampuni hazikuweza kumuuzia sigara, lakini zilijua kuna sindano nyumbani. Zikampa mume kitambaa. Mume akileta vipande 5, mke anahitaji 20 ili foronya ikamilike, au 100 na zaidi kwa kifuniko cha kitanda, na sasa ni yeye anayeuliza kama bado anavuta ile ile. Naona ni ujanja usio mzuri, na mama aliyeishona foronya hii alikuwa ndani yake bila kuvuta hata moja. Lakini alichokifanya kwa vitambaa vile ni chake.

Ukizoea leso utaisoma hariri ya chuo bila kufundishwa. Ina pindo, ina mji, na mara nyingi ina jina. Katikati ya ile ya Harvard, nyekundu iliyoiva, kuna ngao yenye vitabu 3 vilivyofunguliwa, na juu yake neno la Kilatini VERITAS limekatwa mara tatu, VE, RI, TAS, kila kitabu na kipande chake. Maana yake ni ukweli. Ya Princeton ni rangi ya chungwa na nyeusi. Ya Yale ni bluu, na pale ambapo leso ingekuwa na methali wameandika shangwe ya wanafunzi uwanjani: Brek-ek-ek-ex, ko-ax, ko-ax. Nilidhani ni lugha ya Wahindi Wekundu. Kumbe ni sauti ya vyura kutoka mchezo wa kuigiza wa Kiyunani wa kale, ambayo wanafunzi wa Yale waliigeuza kuwa kelele ya kushangilia timu yao. Mvua ikinyesha upande wa Dunga, usiku mzima vyura wa ziwani wanaimba hivyo hivyo. Nilimsomea Mjomba kwenye simu akacheka mpaka akakohoa, akaniambia mama mwenye nyumba wake alikuwa akiipiga shangwe hiyo asubuhi kumwamsha.

Chini ya kila kipande, kwa maandishi madogo kama sisimizi, kuna jina la sigara, namba ya kiwanda na wilaya ya kodi ya New York. Sheria ya kodi ya tumbaku ndiyo iliyotaka hivyo, na leo ndiyo inayotusaidia kujua kitu kilitoka wapi.

Nilikosea mara moja, na nalieleza kosa hilo ili mwingine asilirudie. Hariri ya kwanza niliyonunua mwenyewe, kwa dola 8, binamu yangu wa Minnesota aliniletea ndani ya bahasha. Ilikuwa na doa la chai. Nikaitia kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, kama ninavyofua blauzi ya mteja. Kabla sijahesabu kumi, nyekundu ilikwisha toka kwenye nembo ikatambaa juu ya krimu yote. Niliitoa haraka, nikaikandamiza kwa taulo, haikusaidia. Rangi zile hazikukusudiwa kuona maji. Siku hizi situmii hata mvuke wa pasi. Kipande hicho bado ninacho, nacho ndicho ninachokitoa kwanza kwa yeyote anayetaka kuanza kukusanya.

Ugonjwa wa pili ni mbaya zaidi, kwa sababu umo ndani ya hariri yenyewe. Hariri mbichi ina gundi ya asili; ukiichemsha ili ing'ae, gundi hutoka na karibu robo ya uzito huenda nayo. Kwa kuwa hariri iliuzwa kwa uzito, watengenezaji wa enzi hizo waliirudishia uzito kwa chumvi za bati. Ikawa nzito, ikaanguka vizuri mwilini, na baada ya miaka inapasuka yenyewe kwa mistari iliyonyooka, hata ikiwa haijaguswa. Uzi mmoja ulidondoka kwenye kipande cha Cornell nikaushika kwa kibano nikauchoma. Hariri safi hunuka nywele zilizoungua na kubaki shanga nyeusi inayosagika kwa vidole. Huu ulibaki umesimama vile vile, uzi wa majivu. Hapo nikajua ninashindana na nini.

Kwa hiyo hakuna jua, hakuna mkunjo, hakuna karatasi ya gazeti. Unyevu wa ziwa unatosha kuwa adui. Nazilaza bapa ndani ya amerikani iliyofuliwa mpaka wanga wote ukatoka. Jina la kitambaa hicho lilitokana na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walioleta pamba yao Zanzibar karne ya 19, na kila nikiikunjua nafurahi kwamba hariri hizi zimelala kwenye nguo ya kwao.

Mtu ninayemheshimu katika jambo hili ni Jefferson Burdick wa Syracuse, New York. Hakuwa tajiri, alifanya kazi ya kuunganisha vifaa vya umeme kiwandani, na baridi yabisi ilimpinda vidole. Ndiye aliyezipanga kadi na vitu hivi vyote kwenye orodha kwa herufi: T ni kadi za tumbaku za karne ya 20, S ni hariri, L ni ngozi, B ni vile vya felti. Mpaka leo tunasema hivyo. Alitoa mkusanyiko wake wa vipande zaidi ya 300,000 kwa Metropolitan Museum of Art, jumba la makumbusho la New York, akawa anakwenda mwenyewe kuvibandika kwenye albamu. Alimaliza Januari 1963, akafariki Machi. Nikichoka kushona gizani umeme ukikatika, namfikiria na vidole vile.

Mwaka jana mnunuzi mmoja aliniandikia akitaka hariri ya Yale peke yake. Nikate mshono, nimtumie, nyingine nibaki nazo. Bei yake ilikuwa nzuri, na ada ya shule ya mwanangu ilikuwa haijatimia. Nilimjibu kwamba siuzi. Soko la vitu hivi linathamini kipande kilichokaa peke yake kama kilivyotoka kiwandani, na foronya iliyoshonwa huitwa iliyoharibika. Mimi naona kinyume. Viwanda vilitoa hariri za Yale kwa maelfu. Foronya ya mama wa shoto aliyeishiwa uzi ni moja.

Mjomba alituacha mwaka 2021. Sasa naitengeneza foronya polepole, Jumapili mchana soko likipungua. Sipitishi sindano kwenye hariri iliyopasuka, maana kila tundu ni ufa mpya. Nafunika kipande kizima kwa neti ya shela ya bibi harusi, ile laini kabisa, niliyoitia rangi kwa majani ya chai ya Nandi mpaka ikafanana na krimu ya zamani. Kisha naishona pembeni tu, kwenye ule mshono wa manjano, nikipitia matundu yake mwenyewe. Ili nipite humo bila kuongeza tundu, imenibidi nijifunze kushonea mkono wa kushoto. Cornell imekwisha, Harvard imekwisha. Jumapili ijayo ni zamu ya vyura.