Kamera ya dukani imenikesha

Jana nimekesha nahangaika na kamera ya dukani, nataka niicheki kwenye simu nikiwa nyumbani, wapi! Kuingia kwenye ruta naona anwani inaanza na 100.72, ndo nikajua kumbe hawa jamaa wa intaneti wametubananisha wateja kibao kwenye anwani moja ya nje, kama nyumba ya kupanga yenye geti moja, mgeni akibisha hodi hajulikani anamtaka nani. Maana IPv4, ule mfumo wa zamani wa anwani za intaneti, ina anwani kama bilioni 4.3 tu na ghala kuu la dunia la anwani hizo lilikauka Februari 2011. IPv6, mfumo mpya, anwani yake ina biti 128, yaani anwani ni nyingi mno, hata balbu ya chooni ingepata yake. Nikapiga huduma kwa wateja, dada ananiuliza, "IPv6 ni kifurushi cha wiki au cha mwezi kaka?"